Tuliruhusiwa Kulia Tu

Mtu akikwambia askari ana kinywa, mwulize alikisikia wapi. Mimi nimeolewa na askari, nimemzalia askari, nimefua magwanda yake mpaka rangi imekwisha, na ninachokijua ni kwamba askari ana masikio na miguu. Kinywa walimnyang'anya siku ileile walipompa buti. Ndiyo maana niliposikia kwamba katika kambi yetu hapa Kamina askari watapewa chama cha kuwasemea, nilicheka mpaka sombe, kisamvu changu, ikashika chini ya sufuria.

Habari hiyo ililetwa na komanda mpya. Alikuwa ametoka kusoma mbali, na huko wakamfundisha kwamba jeshi la siku hizi lina wawakilishi, askari wanachagua wenzao, wenzao wanakaa na wakubwa, wanajadiliana. Akawapanga wanaume uwanjani asubuhi. Sisi wanawake tukasimama nyuma ya ua wa matete tukisikiliza, maana kambini hakuna neno la uwanjani lisilofika jikoni.

"Mutachagua bantu batatu," akasema. "Batakuja kwangu kila mwezi. Tutazungumza kama baba na batoto."

Mmoja wa nyuma kabisa, Mungu ambariki, akauliza watazungumza juu ya nini. Mshahara? Hapana, ule unatoka Kinshasa. Chakula? Hapana, kile kina wenyewe. Kuhamishwa? Ile ni siri ya kazi. Nyumba, basi, hizi zinazovuja? Hapana, nyumba ni za Leta, yaani serikali, askari hajadiliani na Leta.

"Sasa kumebakia nini, komanda?"

Komanda akakuna kidevu. Nadhani yeye mwenyewe hakuwa amefikiria. "Usafi," akasema. "Michezo. Na kilio."

Kilio, kwa asiyelelewa upande huu, ndiyo matanga. Mtu akifa, majirani wanatandika mikeka mlangoni kwa wafiwa, wanawake wanakaa pale na kulala pale, wanaume wanawasha moto pembeni, na hakuna anayepita bila kukaa walau kidogo. Kambini wafu hawakosekani, kwa hiyo kilio kinataka mipango: nani alete maji, nani alete unga wa bukari, ugali wetu, nani apewe ruhusa ya kwenda kuzika. Hayo tuliruhusiwa kuyajadili. Yaani tukiwa hai hatuna la kusema, tukifa ndipo tunapewa ajenda!

Uchaguzi wenyewe ulikuwa kichekesho. Komanda aliwaambia wachague kwa uhuru wao, bila woga, halafu akangoja. Wakasimama kimya, macho mbele. Watu hawa hawajawahi kuchagua hata saa ya kwenda chooni. Mwisho uvumilivu ukamwishia, akamwonyesha mume wangu, ambaye ni sajini wa siku nyingi, akapaza sauti: "Mwenye anamutaka huyu, hatua moja mbele!" Paa! Buti zote zikagonga chini kwa pamoja, na mume wangu naye akapiga hatua, akajichagua mwenyewe bila kujua. Wawili wengine wakapatikana vivyo hivyo. Wanawake tulicheka tukashikana mabega.

Kicheko hicho hakikudumu.

Nyumba zetu zilijengwa na Wabelgiji, kila moja kwa familia moja. Sasa zinakaa mbili, tatu, tumegawana kwa turubai. Upande wa pili wa turubai letu alikaa kaporali na mke wake na watoto wao. Mke wake ni mtu wa Bukama, kwao wavuvi, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa kukupa chumvi kabla hujaomba. Nilisikia sala zao, wao walisikia magomvi yetu. Asubuhi tulipokutana bombani kila mmoja alijifanya hakusikia kitu, maana ndiyo heshima ya turubai.

Kaporali alipakiwa kwenye lori pamoja na wenzake, wakapelekwa upande wa Malemba, kule ambako wenye bunduki za porini hawapungui. Hakurudi. Habari ilikuja kwa simu, si kwa mkubwa: mwenzake alimpigia mama yule, akalia kwenye simu, akakata. Hapakuwa na sanduku, wala kofia, wala mtu wa kusema, mama, pole, tulimzika mahali fulani.

Mama akaenda ofisini kuuliza haki za marehemu. Ofisini wakamwambia, mama, tulia, kifo hakijathibitishwa, tunangoja ripoti. Sawa. Akarudi, akangoja. Wiki haijaisha, akaja mtu wa magazini, ghala la kambi, yule anayegawa nyumba, akasimama mlangoni bila hata kusema yambo.

"Mama, nyumba inatakiwa. Kuko sajini mwingine anakuja na familia. Mutoke mwisho wa mwezi."

"Tutoke juu ya nini?"

"Nyumba iko ya askari, mama. Askari wako alikufa."

Mnasikia? Kwa haki zake kaporali bado anatafutwa, kwa nyumba yake ameshakufa! Mtu mmoja, ofisi mbili kwenye baraza moja, huku mzima, kule marehemu. Nilikuwa upande wangu wa turubai nikichambua maharagwe, nikainuka, nikamwita yule mtu kila jina ambalo mama yangu alinikataza. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Ni vitu tu, mama, vitabebwa."

Mimi habari ya vitu kubebwa naijua. Baba yangu alikuwa karani wa reli, mtu wa Kasai, jasho lake lote lilimwagika kwenye reli ya Katanga. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga nilikuwa mtoto wa kubebeshwa sufuria. Tulikaa hapahapa kwenye kituo cha Kamina tukingoja gari moshi, tumetandika mikeka juu ya saruji, na wapita njia wanatuangalia. Mama yangu hakulia. Alikuwa akikunja kitenge, akikikunjua, akikikunja tena. Miaka mingi baadaye nikarudi Kamina mke wa askari aliye Muluba wa hapa, na mpaka leo nikienda sokoni nazunguka nisikione kituo. Basi mtu asije kuniambia mimi habari ya vitu tu.

Na yule mama hakuomba makubwa. Binti yake wa kwanza alikuwa darasa la sita, ameshaandikishwa kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hapa Kamina. Ukimpeleka Bukama katikati ya mwaka, mtihani umepotea, mwaka umepotea, na kwa mtoto wa mjane mwaka ukipotea na shule imepotea. Alitaka kukaa mpaka mtoto amalize mtihani, kisha angejiondoa mwenyewe bila kusukumwa.

Nikamgeukia mume wangu. "Si ninyi ndio wawakilishi? Haya, wakilisheni."

"Nyumba haiko ndani ya mambo tuliyopewa," akasema.

"Na kilio je? Huyu si mfiwa? Anza na kilio, umalizie na nyumba."

Akakubali. Mume wangu si mwoga, nataka lieleweke. Nimeona makovu yake. Juma zima nilimfundisha maneno nikiwa nasonga bukari, naye amekaa kwenye kibao anarudia: komanda, mjane wa kaporali anaomba abaki mpaka mtihani. Maneno hayo tu! Hata kasuku angeyashika. Siku yenyewe nikampigia pasi gwanda kwa makaa, nikamsindikiza mpaka kona ya ofisi. Mama wa Bukama alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono juu ya kichwa cha binti yake.

Akarudi kabla sufuria haijachemka. Nikajua kwa namna alivyovua kofia.

"Alisema nini?"

Akaitundika kofia msumarini.

"Weye ulisema nini?"

Akakaa. Akaangalia buti zake. "Tuliingia, tukapiga saluti. Akauliza: Situation?" Hilo ndilo swali la jeshi letu, asubuhi na jioni, mkubwa anamwuliza mdogo hali ikoje. "Nikajibu: Rien à signaler, mon commandant."

Yaani, hakuna la kutaarifu. Maneno haya mume wangu ameyasema kila asubuhi tangu alipokuwa kijana. Ameyasema na njaa tumboni, ameyasema na homa, ameyasema siku tuliyomzika mtoto wetu wa pili. Komanda akamwambia vizuri sana, mwaweza kwenda. Wakageuka nyuma, wakatoka wote watatu, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Aka!" nikapiga kelele. "Unaenda mbele ya komanda, bantu bamekutuma, mujane anakuangalia mugongo, unasema hakuna kintu?"

"Kinywa njo kilisema. Minyi sikusema."

"Kinywa cha nani? Cha jirani?"

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Nyuma ya turubai hapakuwa na sauti hata ya kijiko. Halafu mume wangu akasema kwa sauti ndogo kitu ambacho hajawahi kuniambia tangu tuoane. Akasema walipokuwa mafunzoni, aliyejibu kwamba kuna tatizo ndiye aliyepigwa, siyo tatizo. Ukisema maji hakuna, unapigwa. Ukisema mwenzako anaumwa, unapigwa, na mwenzako anapigwa. Mpaka kinywa kikajifunza chenyewe. Hasira yangu kwake ikaisha palepale, ikahama, ikaenda kukaa inakostahili. Mnamfundisha mtu kwa fimbo kwamba hana la kusema, kisha mnamwita ofisini aseme, na akinyamaza mnaandika kwamba askari wanaridhika. Huo ni ujadiliano gani?

Jioni ile turubai likainuliwa pembeni. Mama wa Bukama akaingia, akakaa chini, akamwambia mume wangu, "Papa, usijali, ulijaribu." Kisha akanigeukia mimi.

"Mama sajini, minyi sijalia bado. Banasema kifo hakijajulikana, basi ningelia nani? Lakini kama kwa nyumba bwana yangu alikufa, basi alikufa. Nataka kulia. Kilio tuliruhusiwa, ao hatukuruhusiwa?"

Nikamtazama. Mimi ndiye mwenye maneno mengi kambini, na yeye ndiye aliyeona njia.

Asubuhi yake akatandika mkeka mbele ya mlango, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kulia. Hakuwa anaigiza, msije mkafikiri. Kilio kile kilikuwa kimekaa ndani tangu simu ile, kikatoka chote, kwa Kiluba, akimwita mume wake kwa sifa za ukoo wao. Nami nikatandika wangu. Mke wa mpishi akaleta wake. Mpaka jua lilipopanda, mlango ule haukuonekana kwa wingi wa wanawake, na wanaume waliotoka zamu wakakusanya kuni, wakawasha moto pembeni kama desturi. Nyumba yenye kilio haitolewi kitu. Hata mwizi anajua.

Mtu wa magazini akaja na watu wa kubeba. Akaona mikeka, akarudi na watu wake. Komanda akatuma polisi wa jeshi, vijana wawili wenye mikanda myeupe. Walifika wakiwa wamenyooka. Lakini walilelewa na mama zao, si na jeshi peke yake: mtu hapiti kwenye kilio bila kukaa. Wakasimama, wakatazamana. Nikawaambia, "Wanangu, munasimama juu ya wafiwa?" Wakavua kofia, wakakaa. Mke wa mpishi akawapa maji. Mmoja wao alikuwa amemjua marehemu, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Wakarudi kwa komanda kusema kwamba iko kilio, na kwamba kilio kimeruhusiwa.

Basi komanda akaja mwenyewe.

"Mama, hii itaisha lini?"

"Maiti ikifika, komanda," nikasema. "Hatuwezi kuvunja matanga hatujazika. Ilete tuzike, tuvunje, nyumba uchukue."

"Musinichezee."

"Nani anacheza? Michezo ni siku nyingine. Leo tuko kwenye kilio. Weye mwenyewe ulituruhusu."

Uso ukambadilika. Alijua, na sisi tulijua kwamba anajua. Alikuwa na bunduki za kambi nzima, na sisi tulikuwa na neno lake mwenyewe la uwanjani. Akaondoka. Nasi tukaendelea kukaa, siku kwa siku, tukipokezana kwenda sokoni na kurudi, na binti wa darasa la sita akawa anasomea palepale katikati yetu, kitabu juu ya magoti.

Tulikuwa tungali tumekaa siku aliyokuja koloneli kukagua kambi. Walipaka chokaa mawe ya njiani, wakakata majani, wakatuomba kwa heshima, mara hii kwa heshima kabisa, tuhamie nyuma ya nyumba kidogo tu. Ng'o! Tukabaki. Wanaume wakapangwa mstari mbele ya nyumba zetu, mume wangu mbele, na koloneli akapita taratibu na fimbo yake kwapani, komanda kando. Akafika kwetu. Akatuona. Kumbukeni tulikuwa pale kundi zima la wanawake kwenye mikeka, moto unafuka, mjane katikati.

Koloneli akamgeukia komanda. "Situation?"

Na komanda, mtu aliyesoma, aliyetuletea chama cha kujadiliana, akakaza mgongo: "Rien à signaler, mon colonel."

Mama yangu wee! Sijui wengine walifikiria nini, mimi niliona giza la hasira. Kumbe naye! Kumbe kinywa chake kilifundishwa shule ileile. Hatukuwa kitu, tumekaa pale kwa macho ya wote, na hatukuwa hata kitu cha kutaarifu. Nilikuwa naanza kuinuka, Mungu anajua ningesema nini, nikasikia buti. Moja tu. Mume wangu alikuwa amepiga hatua mbele.

"Kuko, mon colonel," akasema. "Kuko ya kusema. Kaporali alikufa upande wa Malemba. Muke wake iko hapa. Banamufukuza mbele ya mutoto kufanya mutihani. Anaomba abakie mpaka mutihani. Njo vile tu."

Njo vile tu. Ndiyo hayo tu: maneno yaleyale ya kwenye bukari, na hakuna aliyemwambia aseme.

Koloneli akaangalia mikeka, akaangalia binti na kitabu chake. Labda alikuwa na binti. Akasema mama abakie mpaka mtihani, akaendelea na ukaguzi. Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya kilio, na mjane mwenyewe akainamisha kichwa juu ya mkeka. Watu wakasema koloneli ni mtu mwema. Mimi nikasema, na nasema tena leo: sitaki wema! Wema ni wa mtu, anakuja nao na kuondoka nao. Angekuja siku ile ameumwa na jino, tungekuwa wapi?

Na tazameni kilichofuata. Juma lilelile komanda aliwapanga tena uwanjani, na sisi nyuma ya ua. Akatangaza kwamba chama kinaendelea, kinafanya kazi nzuri, lakini mambo ya kujadili yamepunguzwa ili kuleta utaratibu. Usafi. Michezo. Basi. Kilio kimefutwa, kuanzia sasa mikeka ni kwa ruhusa ya ofisi. Na wawakilishi watabadilishwa, kwa kuwa sajini wao amepangiwa kazi nyingine. Lori la Malemba liliondoka Jumatatu. Nilimfungia unga na samaki wakavu, akapanda, hakugeuka, kwa sababu akigeuka analia, namjua.

Anapopata mtandao huko hunipigia. Namwuliza kwa mchezo, "Situation?" na siku hizi hanijibu kama zamani. Ananiambia. Ananiambia njaa, ananiambia mvua, ananiambia wenzake waliolala bila kuamka na walikozikwa. Namsikiliza mpaka salio linakwisha.

Binti alifanya mtihani wake. Siku ya pili yake mama wa Bukama alifungasha vitu, mwenyewe, bila mtu wa magazini, na nikawasindikiza kituoni. Tulikaa kwenye saruji ileile tukingoja gari moshi. Vitu vyake vilikuwa vichache, tukavipandisha haraka. Mkeka ukabaki chini. Nikauokota nimpe dirishani, akausukuma ukanirudia.

"Ule wako, Mama sajini," akasema. "Bwana yako iko Malemba. Siku bakikuambia hauna na ruhusa, weye tandika tu."